Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Jumapili ile Vestine aliposimama kanisani na kutangaza kwamba amepona, mumewe alikuwa barazani akipima kiuno cha mteja, na habari zilimfikia kabla mke mwenyewe hajarudi.

Mumewe aliitwa Wellars Harerimana, fundi cherehani wa Mbugangari, mtaa wa mji wa Gisenyi. Yeye alisali misa ya kwanza kwa Wakatoliki, kisha alirudi kukaa kwenye baraza alilopanga pamoja na fundi mwenzake, Muhamadi, Mwislamu wa mji uleule ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko cherehani yake. Walikuwa hivyo miaka mingi, isipokuwa ule muda mbaya ambao hawakupenda kuutaja. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, barabara zilikuwa zimetulia, na watu walishona nguo tena.

"Wellars! Wellars we!" Mama Mukamusoni, mjane wa nyumba ya pili, alikuwa anakuja mbio kadiri magoti yake yalivyomruhusu. "Yesu ashimwe! Bibi yako amepona!"

"Amepona nini?" aliuliza Wellars, pini zikiwa mdomoni.

"Tansiyo! Imetoka! Amesimama mbele ya kanisa yote, amesema kichwa haimuumi tena, macho haioni giza tena. Na dawa zake ameweka kwa meza ya Mungu, zote! Mi nililia. Hata muchungaji alipangusa macho."

Wellars alizitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. "Dawa amefanya nini?"

"Ameweka mezani."

"Bon," alisema Muhamadi bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akikunja. "Kwa hiyo sasa ni meza njo itazimeza?"

"Weye Muhamadi, nyamaza. Hii haiko mambo ya kuchekea."

"Sicheki, mukecuru," Muhamadi alimwita kwa neno la heshima kwa bibi kizee. "Nauliza kama jirani."

Mama Mukamusoni alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama aliyechelewa basi, akaendelea na safari yake ya kuzipeleka habari nyumba ya tatu.

Vestine alifika baadaye kidogo, amezungukwa na wanawake wa kwaya. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega yaliyozoea mizigo. Siku za kazi alivuka bariyeri ndogo, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, na kabichi kichwani, akaziuza Goma kwa dada yake Joanita aliyekuwa na meza sokoni, akarudi jioni. Siku ya Bwana alikuwa mwimbishaji. Yeye ndiye aliyeuanzisha kila wimbo, na sauti yake ilipopanda, hata watu waliokuwa wakipita nje na baiskeli walipunguza mwendo.

"Baba Uwera," alisema, uso ukimwaka, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Na husemi kitu?"

Wellars alimtazama mkewe. Alikuwa hajamwona na furaha kama ile tangu binti yao Uwera alipopata nafasi ya shule ya bweni. Akakosa moyo wa kuiharibu mbele ya watu. "Nasema Mungu asifiwe," alijibu, akainama tena kwenye suruali ya mteja, akaipima vibaya.

*

Ugonjwa wenyewe, shinikizo la damu ambalo watu waliliita tansiyo, haukuwa na sura. Mwaka uliopita Vestine alikuwa akishikwa na kichwa kila akitua mzigo, na mbele ya macho giza lilikuwa likishuka kama pazia. Wellars alimpeleka zahanati, na huko muuguzi aitwaye Xavérine alimfunga mkononi kile kitambaa cha kupulizwa, cha kupimia shinikizo, akakunja uso, akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi.

"Mpaka lini?" Vestine alikuwa ameuliza.

"Maisha yako yote, mama."

Neno lile lilimuumiza kuliko kichwa. Maisha yote! Kama mtu aliyefungwa. Yeye, ambaye aliwaombea wengine wakainuka, abebe paketi ya dawa kwenye mkoba mpaka kaburini? Alimeza, lakini alimeza kwa aibu, mgongo ukiwa umeelekea ukutani. Kichwa kilipoacha kuuma, giza lilipoacha kushuka, na juma la kufunga na kuomba likamkuta akiwa mwepesi kama msichana, aliona jibu limekuja. Hakudanganya hata neno moja Jumapili ile. Alisema alichokiona.

Lakini katika kanisa la Mchungaji Kimenyi, ushuhuda ukishatolewa haukuwa tena wa mtu mmoja. Ulikuwa wa wote. Watu waliubeba nyumbani, wakauegemea siku zao mbaya. Na aliyeshuhudia kwamba ameponywa, kisha akaonekana na dawa ileile, walisema amemrudishia Mungu zawadi. Hakuna aliyemfukuza mtu wa namna hiyo. Walimwonea huruma tu, na huruma ile ilikuwa baridi.

Mchungaji Kimenyi mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania, alikozaliwa ukimbizini, na Kiswahili chake kilichonyooka kiliwafanya watu wa Gisenyi wakae wima kwenye mabenchi. Aliichukua ile paketi ya Vestine, akaiweka ndani ya mkoba wa Biblia, na Jumapili iliyofuata akaenda na Vestine mpaka Rugerero kuhubiri. Huko aliiinua paketi juu.

"Wapendwa," alisema, "mnaiona hii? Dada yetu haihitaji tena!"

Rugerero yote ikapiga makofi. Vestine akaimba. Walialikwa tena kwingine, na kila walikoenda ushuhuda uliongezeka kidogo, kama uji unaotiwa maji ili utoshe wageni.

Kisha asubuhi moja, karibu na bariyeri, kabichi zikiwa kichwani, pazia likashuka.

Alikaa chini kando ya njia. Wanawake wenzake wa biashara wakamzunguka. "Ni jua," aliwaambia. Lakini jua lilikuwa halijatoka vizuri. Joanita, aliyesikia habari kutoka kwa waliovuka, alikuja kutoka upande wa Goma akiwa na aproni yake ya sokoni, akamtazama mdogo wake usoni mara moja tu.

"Ulimeza leo?"

"Joanita, mi nilishapona."

"Sikuuliza hiyo."

Vestine alianza kukusanya kabichi. Joanita akazichukua kabichi, akamgeuza kwa mabega kama mtoto, akamwelekeza nyumbani. "Rudi kwa bwana yako. Mwambie mi njo nimekurudisha. Na kama hutamwambia, nitavuka mi mwenyewe, na unajua mudomo yangu."

*

Wellars hakuwa mtu wa kelele. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akaenda kwenye kona ya baraza ambako kitambaa cha buluu cha kwaya kilikuwa kimekunjwa, akakiweka juu ya rafu ya juu kabisa. Kwaya ilikuwa inangojea magauni mapya kwa ajili ya siku kuu ya ubatizo ziwani, na Wellars ndiye aliyepewa kazi.

"Unafanya nini?" aliuliza Vestine.

"Sitakata."

"Hutakata nini?"

"Hii kitambaa. Sitaweka mukasi mpaka umeze."

"Baba Uwera! Hiyo ni kitambaa ya Mungu!"

"Basi Mungu akate."

Muhamadi, aliyekuwa akijifanya haoni wala hasikii, alikohoa ili asicheke, akainuka kwenda kununua sigara ambazo hakuwa anavuta.

Vestine alikaa kwenye kiti cha wateja. Machozi yalikuwa karibu. "Hujui unaniomba nini. Nilisema mbele ya watu. Nilisema Rugerero. Nikimeza, mi ni nani? Mi ni muongo."

"Mi sikukatazi kuomba," alisema Wellars polepole. "Omba. Omba sana, na mi uniombee, kwa sababu naogopa. Unafikiri nataka kushinda muchungaji? Nataka tu nikirudi nyumbani nikukute."

Alilisema akiwa amegeukia ukuta, kwa sababu hakuwa amezoea kusema maneno kama yale mchana. Vestine aliutazama mgongo wake. Kisha alisema, "Nitameza. Lakini mutu asijue. Hata panya."

"Hata panya."

Wellars alichukua dawa nyingine zahanati, na tatizo likawa mahali pa kuzificha. Nyumba ya mwimbishaji haina kabati la siri. Wanawake wa kwaya waliingia siku yoyote, wakapika, wakafunua kila sufuria, wakapangusa kila sanduku kwa upendo. Wellars alitazama huku na huku, macho yakatua kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga alimokuwa akitunzia vifungo. Nani angefungua kopo la vifungo la fundi?

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda Goma, Vestine alipita barazani "kusalimia". Watu walisema, oneni ndoa ilivyo nzuri, mke hawezi kuondoka bila kumuaga mume wake. Wanawake wawili wa mtaani waligombana na waume zao kwa sababu hiyo. Na mkasi wa Wellars ukaanza kuimba kwenye kitambaa cha buluu.

*

Ilikwenda vizuri mpaka siku Muhamadi alipoishiwa vifungo.

Alikuwa anamalizia shati la mwalimu, na mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama palepale kifua wazi, akingoja. Muhamadi akaingiza mkono kwenye kopo la mwenzake, akatoa kifungo cheupe, akakigeuza. Akakigeuza tena. Sindano ilikuwa tayari mkononi.

"Wellars, siku hizi wanatengeneza vifungo bila matundu?"

Wellars alikanyaga pedali vibaya, uzi ukakatika.

"Angalia hii. Inapita wapi uzi?" Muhamadi alikipeleka dirishani kwenye mwanga, akakinusa, kisha akakigusisha ulimi kama mtu anayejaribu chumvi. "Ayiwe! Na iko muchungu!"

"Rudisha," alisema Wellars kwa sauti ndogo.

Muhamadi alimtazama, akalitazama kopo, akakumbuka salamu za kila asubuhi. Uso wake ukafunguka polepole. Kisha akafanya jambo la urafiki mkubwa: alimgeukia mwalimu na kusema, "Kifungo mubaya, mwalimu, kutoka kiwanda mubaya. Rudi kesho."

Mwalimu alipoondoka akiwa amejifunika koti, Muhamadi alisogeza kiti. "Shemeji anameza?"

"Anameza. Nakuomba, Muhamadi."

"Unaniomba nini? Mi nitasema kwa nani? Kwa imamu?" Akatikisa kichwa. "Mama yangu anaswali tano zote, na dawa yake ya sukari iko pale pembeni ya mukeka. Akitoa salamu kuume na kushoto, anameza. Hakuna mutu alimuuliza kama anaamini."

Tangu siku ile, Vestine alipofika asubuhi, alikuta kikombe cha maji kimeshawekwa karibu na kopo, kimefunikwa kisosi ili nzi wasiingie. Hakuuliza nani aliyekiweka. Muhamadi naye wakati huo alikuwa na kazi nyingi sana ya kutazama barabara.

*

Siku chache kabla ya ubatizo, wanakwaya walifika barazani kujaribu magauni. Mama Mukamusoni hakuwa mwanakwaya, lakini alikuja kutazama, akakaa kwenye ngazi akichambua maharage kwenye ungo.

"Mwana wange," alimwambia Vestine, aliyekuwa amepiga magoti akimfunga mwenzake kamba ya kiunoni, "na mi nimefanya kama weye."

"Umefanya nini, mukecuru?"

"Dawa yangu ya tansiyo. Nilishuka mpaka ziwani, nikatupa moja moja, nikiimba wimbo yako. Samaki sasa haina tansiyo!" Akacheka mpaka maharage yakaruka.

Vestine alibaki na kamba mkononi. Mdomoni alikuwa bado na uchungu wa kidonge cha asubuhi ile. Wellars aliinua macho. Muhamadi pia.

"Mukecuru," alisema Vestine, "labda yako haiko kama yangu. Daktari alikuambia nini?"

"Na weye daktari alikuambia nini?"

"Aliniambia maisha yote."

"Njo unaona!" Mama Mukamusoni akampiga begani kwa furaha. "Mungu ni mukubwa kuliko maisha yote."

Murekatete, mwanamke mkali kidogo aliyekuwa wa pili baada ya Vestine katika kwaya, alisema "Amina!" na wengine wakaitikia. Sindano ya Muhamadi ilisimama hewani. Alikuwa anamngoja Vestine aseme. Wellars naye alimngoja. Vestine aliona macho yote ya kwaya juu yake, mazuri, yenye kumpenda, na magauni mapya ya buluu, na akajiona jinsi atakavyokuwa mara tu atakapofungua mdomo.

"Geuka," alimwambia yule mwenzake, "nikufunge vizuri."

Walipoondoka, Muhamadi hakusema utani wowote. Hilo ndilo lililomuuma Vestine kuliko yote.

*

Ubatizo ulikuwa Nyamyumba, mahali ambapo ziwa linaingia kidogo kwenye nchi kavu na maji yanakuwa matulivu. Ilikuwa asubuhi nzuri. Magauni ya buluu yalipendeza mpaka wavuvi waliokuwa wakitandaza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuja kutazama. Mchungaji Kimenyi aliingia majini mpaka kiunoni, akabatiza vijana na wazee, na kila aliyeinuka kutoka majini alipokelewa na sauti ya Vestine. Aliimba kwa nguvu kuliko siku zote. Aliogopa kunyamaza, kwa sababu akinyamaza angefikiri.

Ilipokuwa mapumziko, Mama Mukamusoni alishuka kwenye chemchemi za maji ya moto, zilizo karibu, ambako watu wengi walikuwa wameketi na miguu ndani, wakizungumza kwenye mvuke kama wamekaa jikoni. Alitaka kuyapasha magoti yake. Alipandisha sketi kidogo, akaingia, akasema maji matamu. Aliposimama kutoka, alishika hewa, akaanguka pembeni.

Vestine alifika wa kwanza. Kichwa cha bibi kilikuwa moto mikononi mwake, damu ilikuwa inatoka puani, na midomo yake ilisogea bila neno.

"Tuombe!" Murekatete alikuwa ameshafika. "Fungeni duara! Shikaneni mikono!"

Kwaya ikawazunguka, buluu pande zote, na upepo ukazuiwa. Vestine alitazama juu, akaona nyuso za watu waliotaka wema tupu, na kati ya zile nyuso hapakuwa na hata moja iliyojua lile pazia lilivyo. Yeye alilijua.

"Musifunge!" alipaza sauti. "Anataka hewa! Leteni ingobyi!"

"Kwanza tuombe, dada."

"Ombeni mukitembea!"

Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti vile nje ya wimbo. Duara likafunguka. Watu wa mlima ule walikuwa na ingobyi yao, machela ya kusuka ambayo kila mlima huitunza kwa wagonjwa wake, na wavuvi walikimbia kuileta. Wakamlaza. Wanaume wanne wakaiweka mabegani, na mmoja wao alikuwa Mchungaji Kimenyi, kanzu yake ya ubatizo ikimwaga maji njiani.

Njia ya zahanati ilipanda. Vestine alitangulia, akaanza wimbo wa haraka ili wachukuzi wapate mwendo, na waombaji wakaomba huku wakihema. Kwenye mashamba watu waliacha majembe na kuvua kofia, wakidhani ni maziko. Kisha walipousikia wimbo wenyewe, jinsi ulivyoruka, walivaa kofia zao tena, na baadhi yao wakaja kupokea mti wa ingobyi pale mabega yalipochoka.

*

Muuguzi aliyekuwa zamu siku ile alikuwa Xavérine yuleyule. Juma lile alikuwa amepelekwa kusaidia zahanati ya mlimani. Alimfunga Mama Mukamusoni kile kitambaa, akapuliza, akasikiliza, akafanya kazi yake bila kusema na mtu. Kwaya ilingoja nje kwenye nyasi. Muda ulikwenda. Mwishowe alitoka.

"Anasema," alisema. "Anasema hata sana. Ananiuliza kama nimeokoka."

Watu walicheka na kulia pamoja. Waliingia wachache waliotosha chumbani. Mama Mukamusoni alikuwa amelala, mdogo ndani ya shuka, macho makali.

"Mama, mi nilikupa dawa," alisema Xavérine. "Kwa nini uliacha?"

"Vestine alipona," alijibu bibi kwa urahisi. "Na mi nilitaka kupona."

Wote walimgeukia Vestine. Xavérine alimgeukia pia, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa akimkumbuka vizuri.

Vestine alishika ukingo wa kitanda. "Mukecuru, nisamehe. Mi nameza."

"Unameza nini?"

"Dawa. Kila asubuhi. Ziko ndani ya kopo ya vifungo ya Baba Uwera. Nilianguka kwa bariyeri, nikarudia kumeza. Siku ile uliniambia ya samaki, nilikuwa nimetoka kumeza. Nilinyamaza."

Matone kutoka kwenye kanzu ya mchungaji yalianguka kwenye sakafu.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" aliuliza Mchungaji Kimenyi.

"Ulikuwa umeshanipeleka Rugerero, Muchungaji."

Mchungaji alikamua upindo wa kanzu yake. Alikumbuka makofi ya Rugerero na jinsi yalivyomfurahisha, na kwa mara ya kwanza hakufurahi kuyakumbuka.

Ni Mama Mukamusoni aliyesema. "Vifungo?" aliuliza. "Kweli? Ndani ya vifungo?" Tumbo lake likaanza kutikisika chini ya shuka. "Yebaba we! Na Muhamadi hakushona moja kwa shati?"

"Karibu," alisema Vestine, na hakujua kama alikuwa analia au anacheka.

*

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa kuliko siku ya Krismasi. Wellars alitoka misa yake ya kwanza, akaja moja kwa moja, koti limefungwa mpaka shingoni, kopo chini ya kwapa na kikombe cha maji mkononi. Alikuwa amelishonea kanisa lile nguo kwa miaka, na hakuwahi kuingia ndani. Mlangoni alijikwaa kwenye kizingiti. Maji hayakumwagika. Kopo lilimwagika.

Vifungo vilikimbia kwenye sakafu ya saruji, chini ya mabenchi, kati ya viatu, mpaka mbele ya madhabahu. Wellars alisimama kama aliyevuliwa nguo. Kisha Mchungaji Kimenyi alipiga magoti, akaokota cha kwanza. Kanisa zima likainama. Kwa muda, ibada ile ilikuwa migongo mitupu na watu wakiulizana, "Hii ni kifungo ama ni dawa?"

"Ikiwa na matundu ni kifungo!" mtu alisema, na watu wakacheka wakiwa bado sakafuni.

Kwa hiyo Vestine alipokwenda mbele, nyuso alizozikuta zilikuwa zimeshalegea kidogo.

"Yesu ashimwe," alisema. "Nilisimama hapa nikasema nimepona. Kichwa ilikuwa imepoa kweli. Sikutaka kudanganya mutu. Lakini Mungu alikuwa bado anasema, na mi nilimukatiza, nikakimbia kutangaza. Nilitaka muujiza wa siku moja, kwa sababu ule wa kila siku ulinitia haya. Na mukecuru karibu afe na haya yangu."

"Donc," alisema Murekatete kutoka kwenye kwaya, si kwa ukali bali kama mtu anayetaka kujua kweli, "Mungu hakukuponya?"

"Ananiponya, dada. Kila asubuhi. Weye, alikulisha mara moja tu ikaisha?"

Murekatete alifikiri. "Hapana," alikubali. "Hata leo nimekula."

Mchungaji Kimenyi alitoa ile paketi ya kwanza kwenye mkoba wa Biblia. "Na mimi nina ushuhuda," alisema. "Nilivitembeza vidonge vya mama huyu kama kombe la mpira. Nilitaka Mungu aonekane mkubwa, na kidogo nilitaka mimi pia nionekane. Rugerero nitarudi, na nitawaambia." Alivuta pumzi. "Lakini wapendwa, utaratibu wetu mnaujua. Aliyekosea mbele ya kanisa hukaa benchi la nyuma kwa muda, apumzike na huduma. Mama Uwera hataimbisha leo. Na mimi nitakaa naye nikimaliza kuhubiri."

Vestine aliinamisha kichwa. Alijua litakuja, na bado liliuma. Alivua skafu ya uimbishaji, akampa Murekatete, akatembea katikati ya kanisa mpaka nyuma kabisa, kwenye benchi lililo karibu na mlango. Alikwenda akitazama viatu vya watu. Alipofika, alikuta viatu anavyovijua.

"Sogea," alisema.

Wellars alisogea. Upande wake wa pili alikuwa Mama Mukamusoni, fimbo kati ya magoti, ambaye alikuwa amekatazwa kutoka kitandani na alikuwa ametoka. Wellars akafungua kopo, akatafuta kwa kidole, akaangalia mara mbili kwamba hakina matundu, akampa mkewe. Vestine hakugeukia ukuta. Alimeza palepale, watu wakiona, akanywa maji.

"Yabakishe," alisema Mama Mukamusoni. Alikuwa anafungua ncha ya leso yake, mlimokuwa kidonge chake mwenyewe. "Na mi nanywa."

Kule mbele Murekatete alijikohoza na kuanza wimbo. Aliuanza chini mno. Kwaya ikamfuata, ikazama, ikapotea, watu wakatazamana. Vestine aliminya midomo. Alikuwa amekatazwa kuimbisha, na alitaka kutii. Lakini hakuna aliyekuwa amemkataza mtu wa benchi la nyuma kuimba kama waumini wengine. Wellars, ambaye hakujua hata neno moja la wimbo ule, alimgusa kwa kiwiko.

Akaimba. Sauti ilipita juu ya vichwa, kutoka nyuma kwenda mbele, ikaikuta kwaya pale ilipopotea na kuishika mkono. Benchi moja baada ya jingine watu waligeuka kuona wimbo unatoka wapi, mpaka kanisa zima likawa limeupa mgongo upande wa mbele, na Mchungaji Kimenyi akibaki peke yake madhabahuni akipiga makofi. Kule barazani, Muhamadi alisimamisha cherehani ili asikie vizuri, kisha akainuka kwenda kujaza mtungi wa maji ya kesho.